Mbu Abebeshwe Sumu ya Watoto Wake

Homa ya dengi inapozuka Dar es Salaam, kama ilivyokuwa mwaka 2014 na 2019, wananchi huhimizwa kumwaga maji yaliyotuama. Wito huo ni sahihi, ila haujitoshelezi. Mbu aina ya Aedes hutaga mayai penye maji machache mno: kizibo cha chupa, kifuu cha nazi, tairi kuukuu nyuma ya gereji. Hakuna bwana afya awezaye kuyafikia mazalia yote hayo. Mbu jike huyafikia.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kiuadudu kiitwacho pairiproksifeni. Hakimuui mbu mpevu. Chembe zake humnata miguuni atuapo kupumzika mahali palipotiwa dawa, naye huzichukua hadi kwenye maji. Humo, kiasi kidogo sana huiga homoni ya ukuaji wa wadudu, na viluwiluwi hawafikii kuwa mbu kamili. Kwa kuwa Aedes hugawa mayai yake katika vyombo kadhaa, safari moja huweza kuchafua vingi. Utafiti wa Iquitos, nchini Peru, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa kutia dawa asilimia 3 tu ya maeneo ya kupumzikia kulitosha kuyafikia karibu mazalia yote yaliyochunguzwa.

Watafiti wa Ifakara nao walionyesha, mwaka 2014, kuwa Anopheles arabiensis, mbu wa malaria, huweza kuibeba dawa hiyo kutoka kwenye vyungu vya udongo. Lakini jaribio hilo lilifanyika ndani ya vizimba vya wavu. Katika majaruba ya mpunga maji ni mengi, na dawa huzimuliwa. Kwa hiyo ni busara mbinu hii ianzie mijini, dhidi ya Aedes, na chandarua kisiachwe.

Shida kubwa zaidi ni imani ya watu. Mwaka 2016, uvumi kuwa dawa hii husababisha watoto kuzaliwa na vichwa vidogo uliifanya Rio Grande do Sul, jimbo la Brazil, isitishe kuitia katika maji ya kunywa, ingawa ushahidi haukuwapo. Mama anayeuliza kama itaingia mtungini mwake anauliza swali la haki. Ajibiwe kuwa yaweza kuingia, na kwamba Shirika la Afya Duniani huiruhusu katika maji ya kunywa hadi miligramu 0.01 kwa lita. Maelezo hayo yatangulie chungu cha kwanza, tena yafike hata kwa jirani ambaye hatawekewa chungu, maana mbu hapigi hodi.