Josho Lililokufa Nalo Liwekwe Kwenye Ramani

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu ramani za kidijitali zinazochorwa na watu wa kujitolea, hakosekani wa kusema kwamba ramani ni ya vitu vinavyofanya kazi: shule yenye wanafunzi, zahanati yenye dawa, barabara inayopitika. Josho lililokauka, ghala lisilo na paa na korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi za mkonge, iliyonyamaza, anasema, ni takataka za kuichafua ramani bure. Kauli hii inaudhi, na inaudhi zaidi kwa kuwa wanaoipenda ni wale wasioishi jirani na magofu hayo. Jengo kuishiwa kazi si jengo kutoweka. Zege lipo, shimo lipo, na kilichomwagwa humo kipo. Ramani inayoficha kilichopo juu ya ardhi inamdanganya mtu wa mwisho anayestahili kudanganywa, yaani mgeni aliyekuja kulima au kujenga.

Tulitazame josho, maana kwenye wilaya za wafugaji halikosekani. Kwa miongo mingi ng'ombe wa Tanganyika walitumbukizwa kwenye mtaro mrefu wa zege uliojaa dawa ya kuua kupe, hao wanaoeneza ndigana kali. Dawa za mwanzo zilikuwa za arseniki. Baadaye ikaja toksafini, ambayo leo ni miongoni mwa kemikali zilizopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm wa 2001. Josho liliposafishwa, tope lake lilitupwa pembeni, na mifugo iliyotoka ikichuruzika iliidondosha dawa udongoni siku baada ya siku. Arseniki ni elementi: haiozi, haiunguzwi na jua, haimalizwi na masika. Josho linapoachwa, bomba likang'olewa na nyasi zikafunika kingo, sumu haistaafu pamoja na mhudumu wa josho. Kinachopotea ni kumbukumbu ya mahali lilipokuwa, kwa sababu waliokuwa wakiswaga ng'ombe kulipitia wanazeeka na kuondoka. Kisha ardhi inagawanywa, viwanja vinapimwa, mmoja anapanda mchicha na mwingine anachimba kisima.

Wenzetu wa New South Wales nchini Australia waliliona hilo. Majosho zaidi ya 1,600 yaliyojengwa kaskazini mwa jimbo hilo kupambana na kupe yanajulikana na kuorodheshwa, hivyo anayetaka kujenga ana pa kuuliza. Sisi tunayo Vikuge, huko Kibaha mkoani Pwani, shamba la serikali lililopokea shehena kubwa ya viuatilifu kutoka Ugiriki katika miaka ya 1980, sehemu yake ikiwa imeshapitwa na muda. Ghala lilimohifadhiwa lilianguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta uchafuzi wa viuatilifu ungali mkubwa hata baada ya shehena kusafishwa. Vikuge ilipata bahati ya kuchunguzwa. Maghala mengine ya vijijini hayana bahati hiyo, na kanuni ya kuchora kinachofanya kazi tu inahakikisha hayataipata kamwe.

Hapa ndipo linaponikera pia jambo la pili, ule mtindo wa kujisifu kwa idadi ya nyumba zilizochorwa kutoka kwenye picha za satelaiti. Mchoraji aliye mbali huona paa, akachora paa. Ghala lililoezuliwa halioni, josho chini ya mgunga halioni, na kibanda cha dawa kilichobaki na mabati anakiandika kama jengo lolote lile, mtu akidhani ni makazi. Kazi hiyo ina faida zake, lakini kuhesabu mapaa si kuijua nchi.

Wanasema ramani itajaa mno. Hoja hii inasemwa na watu ambao hawajajisumbua kuangalia jinsi ramani hizo zinavyotunzwa. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ina utaratibu wa kueleza hali ya kitu: kipo lakini hakitumiki, kimetelekezwa, au kimebaki gofu. Taarifa ikiandikwa kwa utaratibu huo, ramani ya kawaida kwa sehemu kubwa haiionyeshi, ila anayeitafuta anaipata kwenye hifadhidata. Msafiri hatasumbuliwa, na mpima ardhi hatafichwa. Wengine wanakuja na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, kwamba kuandika mahali ilipo korona kuukuu ni kuwaelekeza wezi wa vyuma chakavu. Mwizi wa vyuma hajawahi kungoja ramani! Yeye alishafika, akapima, akabeba. Asiyejua ni afisa mipango anayetafuta josho la kukarabati, na mama anayepewa kipande cha ardhi asijue kwa nini hakuna aliyewahi kukililia.

Na tusidhani magofu ya mashamba ni habari ya sumu peke yake. Waingereza walianza mradi wao wa karanga mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaufuta mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Kwa mantiki ya hawa wakosoaji, ramani ya mwaka 1955 ingeifuta Kongwa ya karanga kuwa pahali pasipo na kazi. Lakini ni Kongwa hiyo hiyo na Nachingwea hiyo hiyo ambako katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa pa kuweka kambi na kujifunzia vita. Huko Tanga na Morogoro, makambi ya manamba waliokata mkonge yanabomoka bila kuandikwa popote, ilhali nchi hii ilikuwa ikiongoza dunia kwa zao hilo kwa jasho lao.

Kazi yenyewe haihitaji fedha za kutisha. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliichora Dar es Salaam mtaa kwa mtaa kupitia mradi wa Ramani Huria kuanzia mwaka 2015, kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko. Wapelekwe vijijini na simu zao, wakiongozana na afisa mifugo wa kata na wazee waliowahi kuogesha ng'ombe. Kila josho liandikwe lilipo, dawa iliyotumika kama inakumbukwa, mwaka lilipoachwa, na upande lilikomwagwa tope.