Tusitafsiri "wazimu" kwa haraka

Wanafunzi wenzangu, katika somo la tafsiri tulipewa uamuzi mfupi wa mahakama ya Uingereza. Karibu sote tuliandika: "Hana hatia kwa sababu ya wazimu." Ilituchukua dakika moja. Leo naona tulikwenda mbio mno.

Sheria hiyo ilitokana na kesi ya mwaka 1843. Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, naye akafa siku chache baadaye. M'Naghten aliamini kwamba wanasiasa wanamwinda. Hakupatikana na hatia, akapelekwa kufungiwa pamoja na wagonjwa wa akili. Watu walinung'unika, na Baraza la Malodi likawataka majaji waeleze sheria. Jibu lao linafuatwa hadi leo: mshtakiwa athibitishe kwamba, kwa kasoro ya fikira iliyotokana na ugonjwa wa akili, hakujua anachotenda, au hakujua kwamba ni kibaya.

Maana ya "ugonjwa wa akili" hapo huamuliwa na jaji, hata daktari akisema vingine. Tazama wagonjwa wawili wa sukari. Katika kesi ya Quick, 1973, mtu alijidunga insulini bila kula vya kutosha, kisha akashtakiwa kwa kumpiga mtu. Mahakama ya Rufaa ilisema chanzo ni dawa, kitu cha nje ya mwili; basi huo si wazimu. Katika kesi ya Hennessy, 1989, mtu hakujidunga insulini, sukari ikapanda, akachukua gari lisilo lake. Chanzo kilikuwa ugonjwa wenyewe. Basi huo ni wazimu. Ugonjwa ni uleule, majina mawili.

Hennessy aliposikia hivyo, alikiri kosa. Sullivan, mgonjwa wa kifafa ambaye kesi yake ilifika Baraza la Malodi mwaka 1983, alikuwa amefanya vilevile. Wakati ule uamuzi wa wazimu ulimaanisha kufungiwa hospitalini. Sheria ililegezwa mwaka 1991. Lakini hata bila kufungiwa, nani kati yetu angependa mama yake mwenye kifafa aandikwe mwendawazimu?

Kuna atakayeniambia kwamba mfasiri hana ruhusa ya kurekebisha sheria ya watu. Ni kweli. Neno la Kiingereza lenyewe ni kali, na tukililainisha tutakuwa tumedanganya. Kwa hiyo sisemi tulifute. Nasema tuandike "wazimu kwa maana ya sheria", ili msomaji ajue kwamba anayesema ni jaji. Waingereza wenyewe hawaridhiki nalo: mwaka 2013 Tume yao ya Sheria ilipendekeza neno hilo liondolewe, na badala yake itajwe hali ya kiafya inayotambulika.

Siku moja mmoja wetu atasimama mahakamani kati ya jaji na mtu asiyeelewa lugha ya jaji. Neno tutakalolitamka ndilo mtu huyo atakalorudi nalo nyumbani, na majirani watalisikia.