Steki ya Nyumbani na Deni la Ijumaa

Tuanze na bili. Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, sisi wanne wa dawati la elimu kwa wateja tulitoka kazini tukaingia mkahawa mmoja hapa Nairobi. Steki nne, kila moja shilingi 1,650. Makaroni ya jibini sahani mbili za 620. Vinywaji vinne vya 250. Jumla 8,840, yaani kila mtu 2,210. Ndani ya hiyo pesa kulikuwa na VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, lakini nani husoma sehemu ya chini ya risiti Ijumaa usiku?

Chakula kilikuwa kitamu, ukweli usemwe. Mhudumu akaleta namba ya till, kila mtu akalipa sehemu yake, tukapiga picha, tukaenda nyumbani. Tusichojua ni kwamba mwenzetu mmoja alikuwa na shilingi 940 tu kwenye simu. Zile 1,270 zilizopungua zilijazwa na mkopo wa papo hapo, ule unaokufunikia salio likipungukiwa. Aliweka PIN, ujumbe ukaingia, akarudisha simu mfukoni. Hakuna aliyemwona akikopa, na nadhani hata yeye mwenyewe hakujihesabu kuwa amekopa.

Jumanne iliyofuata kaka yake akamtumia 2,000 za kumpeleka mama kliniki. Pesa ziliingia na kukatwa hapo hapo, deni pamoja na ada za siku nne. Zikabaki mia sita na kidogo. Mama ameshaketi kwenye foleni, daktari anasubiriwa, na pesa ya kliniki imelipia steki ya Ijumaa. Tulichanga ofisini tukamaliza hilo jambo asubuhi hiyo hiyo, lakini uso wa mwenzetu hatujausahau.

Sasa tuseme jambo ambalo wenzetu wa mauzo huenda wasilipende. Huo mkopo ni huduma yetu. Tunauuza, tunautangaza, na kuna siku unaokoa mtu: gari limekwama usiku, mtoto ana homa, tokeni za stima zimeisha. Lakini kwa maoni yetu chakula cha jioni cha kujifurahisha hakimo kwenye orodha hiyo. Ubaya wake ni kwamba haukuombi ruhusa mara mbili, na unajilipa kutoka kwa pesa yoyote inayoingia. Mfumo haujui kama ile 2,000 ni mshahara wako, ni mchango wa chama au ni dawa ya mama. Ukiwa na deni, laini yako si njia salama ya kupitishia pesa za watu. Mwambie kaka atume moja kwa moja kwa paybill ya hospitali. Ni aibu ya dakika moja.

Hapo wengi wangekuambia uache kula steki. Sisi hatusemi hivyo. Tunasema steki na makaroni ya jibini ni chakula cha nyumbani kilichojifanya cha mkahawani, na ukishakipika mara moja utashangaa ulikuwa unalipia nini. Tulijaribu wiki tatu baadaye, kwa mwenzetu anayeishi Zimmerman, kwenye meko mawili ya gesi na sufuria za kawaida.

Kosa la kwanza watu hufanya ni hapo bucha. Ukisema "nipimie steki", muuza nyama wa Nairobi atakukatia mnofu wowote usio na mfupa, mara nyingi wa paja, wa kupika mchuzi. Hajakudanganya, ndivyo neno hilo linavyotumika kwetu. Kwa kukaanga haraka unataka fileti, ile laini ya ndani ya kiuno, au saloini ya mgongoni. Mwambie akate vipande vinene kama vidole viwili. Sisi tulichukua saloini kilo moja, vipande vinne, 1,100. Angalia mhuri wa mkaguzi kwenye nyama kabla ya kukatiwa, na usimame mbele ya mizani.

Kosa la pili ni upya wa nyama. Tumelelewa tukiamini kwamba nyama bora ni iliyochinjwa leo. Kwa mchuzi wa saa mbili, sawa. Kwa steki, hapana. Ng'ombe aliyechinjwa usiku kule Dagoretti na kufika bucha asubuhi bado misuli yake imekaza, na ukiikaanga dakika saba utatafuna mpaka taya liume. Ikikaa kwenye baridi siku mbili tatu, vimeng'enya vya nyama yenyewe huanza kulegeza nyuzi. Kwa hiyo nunua Jumatano, ule Ijumaa au Jumamosi. Iweke kwenye sahani ndani ya friji, ifunike vizuri, chini kabisa ili isidondokee vyakula vingine. Huna friji, au mtaa wenu stima hupotea kila jioni? Muulize muuza nyama kama ana kipande kilichokaa kwenye friji yake. Ama fanya kama wachoma mishkaki wa Mombasa: twanga papai bichi, upake nyama nusu saa, ufute. Usilale nalo usiku kucha, asubuhi utakuta uji.

Chumvi tuliipaka usiku uliotangulia. Kabla ya kupika tuliifuta nyama kwa karatasi ya jikoni hadi ikakauka, maana nyama yenye maji haiwi kahawia, inachemka tu. Kikaango kiwe kizito na kiwe moto kweli, mafuta yaanze kutoa moshi mwembamba. Weka vipande viwili, si vinne, ama kikaango kitapoa na maji yatajaa. Dakika tatu hadi nne kila upande. Karibu na mwisho tupia kijiko cha siagi, vitunguu saumu viwili vilivyopondwa na tawi la rosemary. Usiinunue, bana. Nusu ya ploti za Nairobi zina ua la rosemary na hakuna anayejua ni kiungo. Halafu itoe, iache kwenye ubao dakika tano bila kuigusa, ndio maji yake yatulie ndani.

Kuhusu damu damu: wawili wetu tulikula yenye waridi katikati, wawili wakasema wao si simba, ikarudishwa motoni. Hakuna aliyekosea. Watoto na mama mjamzito wapewe iliyoiva kabisa.

Makaroni nayo yana siri moja tu, na ni moto. Jibini (mtaani tunasema chizi, na kweli bei yake inaweza kukufanya chizi) ikipikwa kwa moto mkali hukazana, mafuta yakajitenga, ukabaki na vipande vya mpira ndani ya mafuta. Tulifanya hivi. Makaroni pakiti moja ya gramu 500 tulichemsha kwenye maji yenye chumvi, tukayatoa dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, na kikombe kimoja cha maji yake tukakiweka kando. Kwenye sufuria nyingine, siagi gramu 60 na unga wa ngano uzito huo huo, tukakoroga dakika mbili bila kuacha ugeuke rangi. Maziwa lita moja, yaliyopashwa moto, yakaingia kidogo kidogo. Ukiyamwaga yote kwa pamoja utapata madonge, tunajua kwa sababu jaribio la kwanza lilienda hivyo na ikabidi tuchuje kwa chujio la chai. Sosi ikishakuwa nzito, zima gesi. Zima kabisa. Ndipo jibini iliyokwaruzwa, gramu 250, iingie kwa viganja huku ukikoroga. Pilipili manga, kisha makaroni. Ikikauka, ongeza yale maji uliyoweka. Nunua jibini ya kipande ukwaruze mwenyewe. Iliyokwaruzwa dukani hupakwa wanga ili isigandamane, na sosi haiwi laini vilevile.

Hesabu, sasa. Nyama 1,100. Makaroni 160. Jibini 480. Maziwa pakiti mbili 130. Siagi 340, na zaidi ya nusu ilibaki. Vitunguu saumu 50, nyanya na vitunguu vya kachumbari 80, soda ya lita mbili 210. Jumla 2,550, kila mtu 638 ukiikaza hesabu. Unga, mafuta na chumvi vilikuwa ndani ya nyumba. Gesi hatukuipima. Vyombo vilioshwa na aliyeshindwa kwenye kete, na kama ungemuuliza angekuambia kazi hiyo pia ina bei. Hata hivyo, kati ya 2,210 na 638 kuna zaidi ya elfu moja na nusu. Zile 1,270 zilizokopwa Ijumaa ile zingeingia humo na chenji ibaki.

Namna ya kulipa ilitufundisha pia. Tulitaka kumtumia mmoja wetu pesa zote akafanye ununuzi, tukaona kila anayetuma atatozwa ada ya kutuma. Basi tukagawana: mmoja akalipa bucha, mwingine supamaketi, wengine wawili wakawafidia mwishoni kwa mtumo mmoja mmoja. Kulipa kwa till ya kununua bidhaa, kwa kawaida mteja hatozwi. Anayetozwa ni mwenye biashara, na ndiyo maana muuza nyama wetu alituambia, "Till ina shida leo, tumeni kwa namba yangu." Tulimwelewa. Ada ni kidogo lakini faida ya kilo moja ya nyama nayo ni kidogo. Lakini ukituma kwa namba yake binafsi, ada inahamia kwako, na ukikosea namba sasa unamfuata mtu binafsi umbembeleze arudishe. Tulimwomba kwa upole atumie till. Ilikuwa inafanya kazi. Jina likatokea kwenye simu, tukalilinganisha na lile lililoandikwa ukutani, ndipo tukaweka PIN. Tafadhali fanya hivyo kila mara, hata kwa mtu uliyenunua kwake miaka mitano. Vibandiko vya till hubadilishwa na watu wabaya, na muuza nyama huwa wa mwisho kujua.

Kuna msomaji atasema tunawaharibia biashara wenye mikahawa. Hapana. Wahudumu na wapishi wanaishi kwa hizo bili, na kuna siku unastahili kuletewa chakula ukiwa umekaa. Nendeni. Ila nendeni na pesa iliyo yenu, na kabla ya kuketi angalia salio lako mwenyewe badala ya kungoja mfumo ukuonyeshe kwa njia yake. Kama huna, sema. Kati yetu wanne, watatu wangekuwa tayari kumfunikia yule mmoja usiku ule bila ada yoyote ya siku. Alinyamaza kwa sababu picha zilikuwa zinapigwa na kila mtu alikuwa ametoa simu. Hilo ndilo hatukuweza kulipangia somo la kufundisha wateja, ingawa kazi yetu ni hiyo. Unaweza kumwonyesha mtu namna ya kukagua deni, kupunguza kiwango cha mkopo au kujiondoa kabisa kwenye huduma. Ni vigumu zaidi kumwonyesha namna ya kusema "leo sina" mbele ya marafiki.

Jikoni kwa Zimmerman ilikuwa rahisi zaidi. Tulipokuwa tunagawana orodha, mwenzetu alisema tu, "Mimi niwekeeni vitunguu na soda, hiyo ndiyo ninayoiweza wiki hii." Akaja na vitunguu na soda, akachukua kipande kikubwa kuliko sisi wote, na hakuna aliyehesabu.

Mwezi huu zamu ni ya Rongai. Nyama imenunuliwa jana, iko kwenye friji, imefunikwa. Chujio la chai pia limebebwa, iwapo maziwa yatamwagwa na yule yule.