Droo ya nyumba za bei nafuu ifanywe hadharani



Kila mwisho wa mwezi, kwenye payslipu yangu, chini ya makato ya NSSF na bima ya afya, kuna mstari wa ushuru wa nyumba. Kwa anayelipwa Sh18,000, kama tulivyo wengi katika viwanda vya Industrial Area, Nairobi, makato hayo ni Sh270, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Sina ugomvi na ushuru wenyewe. Mahakama Kuu iliuharamisha Novemba 28, 2023, Bunge likatunga sheria mpya, Rais akaitia saini Machi 19, 2024, na kufikia Oktoba mwaka huo mahakama ikaikubali. Nyumba zinahitajika, na lazima zijengwe kwa pesa za mtu. Kinachonikera ni yanayotokea baada ya pesa kukatwa.

Nilijisajili mtandaoni kama tulivyoagizwa. Nikajaza nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, kipato, idadi ya watoto na aina ya nyumba ninayotaka. Tangu hapo, nikifungua ukurasa wangu naambiwa ombi langu limepokelewa, basi. Mimi ni wa ngapi? Walioomba chumba kama nilichoomba ni wangapi? Vyumba vyenyewe ni vingapi? Ukurasa hausemi. Nilikwenda kuuliza katika ofisi moja ya serikali, na kijana aliyekuwa dirishani akaniambia kwa upole nisubiri ujumbe kwenye simu. Nikamuuliza wanaotumiwa ujumbe huo wanapatikana vipi. Akanijibu kwamba mfumo ndio unaochagua. Unachaguaje? Hapo hakuwa na la kusema. Simlaumu kijana yule, maana ilikuwa wazi kwamba hata yeye hajaelezwa.

Mimi ni mkazi wa Mukuru kwa Reuben. Wasiopajua wafikirie chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, kitanda upande huu wa pazia na jiko upande ule, ukuta ukiwa ndio ukuta wa jirani pia, kiasi kwamba mtoto wake akikohoa usiku wanangu wanaamka. Choo tunatumia ploti nzima. Maji tunanunua kwa mtungi, na mifereji ikikauka bei inapanda siku hiyo hiyo. Aprili 2024 Mto Ngong ulipofurika, watu walibeba magodoro kichwani wakalala kwenye madarasa ya shule, na mwezi uliofuata tingatinga zikaja kubomoa nyumba zilizokuwa kando ya mto. Waliobomolewa walitawanyika kwa jamaa, wengine wakarudi kupanga vyumba vile vile vya mabati, hatua chache tu kutoka mtoni.

Kwa hiyo majengo yale marefu ya nyumba za bei nafuu hapa Mukuru yalipoanza kuinuka, tuliyatazama kila asubuhi tukienda kazini na tuliyafurahia kwa dhati. Mradi ule umepangiwa nyumba 13,248, na Mei 2025 Rais alikabidhi funguo za nyumba 1,080 za kwanza. Chumba cha bei ya chini kabisa ni Sh640,000, unalipa takriban Sh3,900 kwa mwezi na mwishowe kinakuwa chako. Siku ya funguo nilimwona mama mmoja akifungua bomba la jikoni, akalifunga, akalifungua tena, machozi yakimtoka. Mama yule alistahili. Hakuna jirani aliyemwonea kijicho.

Lakini jioni ya siku hiyo hiyo maneno yalianza kwenye vibanda vya chai. Huyu alisema lazima uwe na mtu. Yule akasema kuna walioingia ambao hawajawahi kulala Mukuru hata usiku mmoja. Sina ushahidi wa hayo, na sitamtuhumu mtu kwa maneno ya kibandani. Hata hivyo, nikiulizwa nithibitishe kwamba ni uongo, nitathibitisha kwa kutumia nini? Orodha ya waombaji hatujaonyeshwa, wala idadi yao, wala namna walivyochujwa. Mfumo ukiwa safi kama maji ya mvua na hakuna anayeruhusiwa kuuona, watu watausemea vibaya tu, na aliyepata kwa haki ataingia nyumbani kwake akiwa anashukiwa.

Katika chama chetu cha akina baba na akina mama wa ploti, mwanzo wa mwaka tunapiga kura ya nani atangulie kupokea mchango wa mwezi. Vikaratasi vinakunjwa mbele ya wote na kutiwa ndani ya sufuria, mtoto wa mtu anaitwa kuchota, na katibu anaandika nambari huku kila mmoja akimwangalia. Anayepata nambari ya mwisho hunung'unika kidogo siku hiyo, kisha anakwenda kujipanga, kwa sababu anajua zamu yake ni mwezi gani. Pesa zetu ni za mboga ukilinganisha na mabilioni ya ushuru wa nyumba, na bado hakuna hata mmoja wetu ambaye angekubali kura ipigwe chumbani kwa katibu usiku, halafu asubuhi tutangaziwe majina.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta haina ndugu. Wakumbuke yaliyotokea kwa majirani zetu wa Addis Ababa. Julai 2022 mji huo ulifanya bahati nasibu ya kompyuta kugawa nyumba za kondominiamu zaidi ya 25,000. Miongoni mwa waliokuwa wakingoja walikuwemo watu waliojiandikisha tangu mwaka 2005, na kuweka akiba benki lilikuwa sharti. Siku chache baadaye utawala wa mji ukayafuta matokeo, baada ya kugundulika kwamba data ilikuwa imechezewa na kuingizwa watu wasiotimiza masharti. Maafisa wakakamatwa. Kompyuta ilichagua kutoka kwenye orodha iliyopewa, na kasoro ilikuwa kwenye orodha. Huko angalau droo ilitangazwa, kukawa na matokeo ya kukaguliwa na kufutwa. Sisi tutafuta nini?

Kutojua kuna gharama nyingine ambayo wakubwa huenda hawaifikirii. Sheria ya 2024 iliweka amana ya asilimia 10 kwa anayenunua. Kwa chumba cha Sh640,000 hiyo ni Sh64,000, yaani mshahara wangu wote wa miezi mitatu na ushei, bila kula wala kulipa kodi. Je, niziweke kando pesa hizo sasa, ujumbe usije ukanikuta mikono mitupu? Au nimlipie kwanza binti yangu karo ya sekondari? Ningejua mbele yangu kuna watu 500, ningekaza mkanda. Ningejua wako 50,000, ningelipa karo na kulala usingizi. Kwa sasa nimegawanya kidogo huku na kidogo kule, karo haijakamilika na amana haijafika popote. Familia nyingi katika ploti yetu zimekwama hapo hapo.

Katiba yetu, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 kuhusu haki hiyo inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi la habari ndani ya siku 21. Kwa hiyo hatuombi fadhila.

Ninawaomba wabunge wanaosimamia masuala ya nyumba, na wote wanaosimamia hazina ya ushuru huu, wafanye mambo ambayo hayahitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Kila mwombaji apewe nambari yake. Kwa kila mradi kutangazwe waombaji ni wangapi na nyumba ni ngapi, kwa kila aina. Droo ifanyiwe uwanjani au ukumbini, wakaguzi, waandishi wa habari na wakazi wakiwa hapo, na matokeo yabandikwe kwa nambari ili majina ya watu yasitembezwe ovyo. Aliyekosa aambiwe amekosa, na muda aliongoja uhesabiwe droo inayofuata.

Nyumba nyingine za Mukuru zinaendelea kumalizwa. Haya yafanywe kabla ya funguo zake kutolewa.

Mfanyakazi wa kiwandani,
Mukuru kwa Reuben, Nairobi