Bima ya Pikipiki si ya Trafiki

Simama kwenye kijiwe chochote cha bodaboda kuanzia Kahama mpaka Katoro, uliza bima ni ya nini. Jibu halichelewi: ni ya trafiki. Inakatwa ili pikipiki isikamatwe. Ikiisha muda wake, dereva anapita njia za panya kumkwepa askari huku akisaka hesabu ya tajiri, yaani mwenye pikipiki. Abiria naye anaamini hivyohivyo, ndiyo maana akivunjika paja hakumbuki hata kusoma namba ya pikipiki iliyombeba. Imani hii naipinga kwa nguvu zangu zote, maana inawanyang'anya majeruhi wa Shinyanga na Geita fedha ambazo sheria imekwisha kuziweka upande wao.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haikutungwa kumridhisha askari wa barabarani. Bima ndogo wanayokata wengi wetu haitengenezi hata taa ya pikipiki iliyogonga. Imewekwa kwa ajili ya mtu mwingine aliyeumizwa au kuuawa na chombo chenye bima hiyo: mwenda kwa miguu, mama mwenye genge kando ya lami, mwendesha bodaboda aliyegongwa na lori. Abiria aliyelipa nauli naye yumo, kwa kuwa chombo cha biashara kinatakiwa kuwa na bima inayomgusa abiria wake. Tajiri anayekata bima ya matumizi binafsi ili aokoe fedha kidogo, kisha akaitoa pikipiki ibebe watu, anacheza na maisha ya wateja wake. Na mahakama ikishatoa hukumu dhidi ya mwenye bima, kampuni ndiyo inayodaiwa, wala haiwezi kujificha kirahisi nyuma ya ugomvi wake na mteja.

Huku kwetu mambo hayafiki huko. Yanaishia kwenye neno tumalizane.

Chukua kijana anayetoka kwenye maduara ya dhahabu ya Nyarugusu na viroba vya mawe, amepakiwa bodaboda kuelekea kwenye karasha la kusaga mawe. Gari linawagonga. Kabla trafiki hajafika, mwenye gari ameshafika na laki mbili mkononi. Mwenyekiti wa kitongoji anaandika karatasi, mashahidi wanatia dole gumba, na majeruhi, ambaye bado analia kwa maumivu, anaambiwa asaini kwamba hana madai tena. Hajapigwa hata eksirei. Hakuna pale anayejua kama mguu ule utapona kwa plasta au utawekewa vyuma, kama atahamishiwa Hospitali ya Bugando, kama ataweza tena kushuka duarani. Laki mbili hizo zimekadiriwa na nani, kwa kipimo gani?

Najua Usukumani tunaheshimu usuluhishi, nami nauheshimu. Walinzi wa jadi, sungusungu, walipoibuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliona wezi wa ng'ombe wakishughulikiwa palepale kijijini. Lakini ng'ombe walioibwa unawahesabu siku ileile na kudai idadi yao kamili. Hasara ya mguu inajulikana baada ya miezi, wakati mwingine baada ya miaka. Kuimaliza jioni ya ajali ni kumfanya majeruhi abebe peke yake kila kitakachojitokeza kesho.

Wanaotetea kumalizana wana hoja moja nzito: mahakama inachelewa, na tumbo halisubiri. Ni kweli. Lakini nani aliyesema lazima uchague kimoja? Fedha ya matibabu ipokee leo, na karatasi iseme wazi kuwa ni sehemu ya matibabu, si malipo ya mwisho. Kitakacholipwa baadaye kitapunguzwa kiasi hicho, basi. Madai mengi pia humalizwa na kampuni ya bima mezani, bila kesi kusikilizwa hadi mwisho, ilimradi nyaraka zipo. Kampuni ikizungusha, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nyaraka ndizo roho ya dai, na hapo ndipo kumalizana kunapoua. Fomu ya polisi ya PF3 tunaichukulia kama tiketi ya kupita mapokezi ya hospitali, kumbe ndiyo inayounganisha jeraha na ajali. Ipo taarifa ya polisi, PF90, ripoti ya ukaguzi wa chombo, PF115, na ramani ya eneo la ajali. Gari likishaondolewa na damu ikishafukiwa kwa mchanga, ramani haichoreki. Namba ya usajili peke yake, ukiipiga picha, inatosha kuulizia kwenye mfumo wa TIRA bima iko kampuni gani. Askari wetu wanajua sana kukagua bima barabarani. Nawataka wawe wepesi vilevile kumwambia majeruhi kitandani kwamba bima ile ni yake.

Kuna uongo mwingine unaowaumiza vijana wetu: bodaboda asiye na leseni akigongwa hana haki. Kuendesha bila leseni ni kosa, na ataadhibiwa kwa kosa hilo. Halimfutii uzembe dereva wa lori aliyehama upande wake wa barabara. Mahakama hupima lawama ya kila mmoja na fidia ikapungua kwa kadiri hiyo. Na chombo kikikutwa hakina bima, mmiliki hajaponyoka. Dereva aliyekuwa kwenye kazi ya tajiri anaweza kumwingiza tajiri naye kwenye dai.

Msiba ndio unaonichoma zaidi. Mwenye gari analeta jeneza, gunia la mchele na rambirambi, anapeana mikono na wazee, na mjane anaambiwa ashukuru. Rambirambi ni utu, ipokelewe. Ila Sura ya 310 ya sheria zetu inawapa mke, mume, mzazi na mtoto wa marehemu haki ya kudai riziki waliyokuwa wakiitegemea kwake. Ada ya shule ya mtoto wa miaka minne hailipwi na gunia la mchele.

Kwa aliyeumia, shauri la uzembe linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Kwa hiyo yule aliyevunjika mwaka jana pale Kakola au Mwakitolyo, akapewa nauli ya hospitali bila kusaini kwamba amelipwa yote, bado yumo ndani ya muda. Aende polisi akaulizie jalada lake wiki hii.