Jitolee Kuongoza Kikao, Mgonjwa Atafaidika

Ikiwa wewe ni muuguzi, afisa wa kliniki, mtaalamu wa maabara au daktari, bila shaka umewahi kuketi katika ukumbi wa kongamano ukitazama saa yako huku mzungumzaji akisoma slaidi moja baada ya nyingine. Mwenyekiti wa kikao amenyamaza. Anaona haya kumkatiza mkubwa wake. Mwishowe chakula cha mchana kiko tayari na maswali yamefutwa.

Wengi huchukulia hilo kuwa jambo dogo. Mimi nasema si dogo, na anayelipia ni mgonjwa.

Hebu tupige hesabu. Kikao cha dakika 90 chenye wazungumzaji watano, kila mmoja dakika 12, hubakiza dakika 30 za maswali. Kila mmoja akizidisha dakika tano tu, 25 zimekwenda. Tano zinazosalia hunyakuliwa na profesa aliyeketi safu ya mbele.

Na maswali ndiyo roho ya kongamano. Chukua mfano wa oksitosini, dawa anayodungwa mama baada ya kujifungua ili asivuje damu kupita kiasi. Yafaa ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mtafiti wa hospitali kubwa jijini Nairobi anaweza kuisifu akasahau jambo hilo. Muuguzi wa zahanati isiyo na stima kule Turkana hawezi kulisahau. Akipewa nafasi, atauliza: joto likizidi, je? Hapo ukumbi utakumbuka kwamba mnamo 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza pia kaabetosini isiyoharibiwa na joto, bei yake ikilingana na ya dawa nyingine. Akinyimwa nafasi, atarudi na swali lake nyumbani.

Kuna dhana potovu kwamba kiti hicho ni cha wenye mvi na vyeo. La hasha! Kazi yenyewe yaweza kufanywa na yeyote aliye makini. Soma mihtasari ya mada usiku uliotangulia. Fika robo saa mapema, uwaulize wazungumzaji jinsi majina yao yanavyotamkwa, na mkubaliane ishara ya dakika mbili za mwisho. Andaa swali moja kwa kila mada, iwapo ukumbi utakuwa kimya. Vijana na waliotoka mbali wapewe kipaza sauti kwanza. Nawe usigeuze kiti kuwa mimbari. Isitoshe, kama kampuni ya dawa inayojadiliwa ndiyo iliyokulipia nauli, litangaze hilo mapema au umwachie mwingine nafasi.

Wako watakaosema kumkatiza mzee ni utovu wa adabu. Hiyo ni hoja nzito katika jamii yetu. Lakini muda uliotangazwa kabla ya kikao haumdharau mtu, kwani unawabana wote sawa. Utovu wa adabu hasa ni kumwacha mzungumzaji wa mwisho, aghalabu kijana anayesimama mara ya kwanza, ahutubie viti vitupu.

Basi chama chako kitakapotoa mwaliko wa kuwasilisha mada, usingoje kuteuliwa. Iandikie kamati andalizi, utaje taaluma yako na kikao unachoweza kukiongoza. Ukiwa na hofu, omba kwanza kusaidiana na mwenye uzoefu.

Kiti hicho hakina mshahara. Hata hivyo, saa moja na nusu ikiongozwa vyema, faida yake huenda ikamfikia mama ambaye hatajua kamwe kwamba kuna kongamano lililofanyika.