Kijito Kilichofukuliwa Katikati ya Seoul

Watumishi wa serikali na walimu wanaopata nafasi ya masomo nchini Korea ya Kusini hawana budi kuutembelea mji wa Seoul kwa miguu, hasa wakati wa Chuseok, sikukuu ya mavuno. Siku hizo wakazi wengi hurudi kwao kuzuru makaburi ya wazee wao. Barabara za kutokea mjini hufurika magari, na katikati ya mji hupatikana nafasi. Hata jumba la wafalme la Gyeongbokgung, lililoasisiwa mwaka 1395, huingiwa bure.

Lakini kinachostahili kutazamwa zaidi ni kijito cha Cheonggyecheon. Kilikuwa kimejaa uchafu, kandokando yake pakiwa na vibanda vya mafukara, na kuanzia mwaka 1958 kikafunikwa kwa saruji. Juu yake ikajengwa barabara ya kupita angani, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa alama ya maendeleo. Mwaka 2003 Meya Lee Myung-bak aliamuru ibomolewe. Palikuwa na hofu kubwa ya msongamano. Msongamano uliotabiriwa haukutokea. Baadhi ya wenye magari walibadili njia, wengine wakapanda mabasi na treni. Tangu mwaka 2005 maji yanapita tena, na karibu kilometa 6 za kingo zake ni za mwenda kwa miguu. Wazee hukaa wakaning'iniza miguu majini. Nguzo tatu za barabara ile zimeachwa zisimame kama kumbukumbu. Ni viongozi wachache wa miji, popote duniani, waliothubutu kumpendelea mtembeaji kiasi hicho.

Hata hivyo, sifa hizo zisimpofushe mgeni. Maji yale hayaji yenyewe: mengi husukumwa kwa pampu za umeme kutoka Mto Han, jambo ambalo watetezi wa mazingira wamelilaumu. Zito zaidi ni suala la wachuuzi. Waliokuwa wakijitafutia riziki chini ya barabara waliondolewa, na wengi wakapelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Dongdaemun. Haikupita miaka mingi, uwanja nao ukabomolewa, wakahamishwa kwa mara ya pili. Mahali hapo sasa pana jumba la maonyesho lililosanifiwa na Zaha Hadid na kufunguliwa mwaka 2014. Wageni hulipiga picha kwa wingi. Kutoka kijitoni ni mwendo wa dakika chache tu.